Jinsi ya kuipasua namba kubwa kwa kalamu na daftari: mfano wa 61,741,120

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022, nililala kidogo sana. Nilikuwa karani wa Sensa ya Watu na Makazi, na kulipokucha nilitakiwa nianze kupiga hodi katika kitongoji nilichopangiwa huku Muheza, kwenye nyumba zilizojificha katikati ya michungwa. Kazi yangu ya kila siku ni kufundisha hisabati shule ya msingi, Darasa la Sita na la Saba.

Nyumba ya tatu nilimkuta bibi amekaa barazani anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitika, nikafungua kishikwambi nikamwuliza ni akina nani waliolala pale usiku ule. Akanitajia watu sita, mmoja mmoja, na umri wao. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kitoto kimezungushiwa kanga.

"Na huyu, mwalimu?"

"Kazaliwa lini, bibi?"

"Usiku huu huu. Saa tisa, majogoo hayajawika."

Ilinibidi nimweleze kwamba hesabu inawachukua waliokuwepo ilipogonga saa sita ya usiku, na huyu alikuja saa tatu baadaye. Bibi akakitazama kile kitoto, akanitazama mimi. "Kwa hiyo hayupo?" Nikasema yupo bibi, ila ataingia sensa ijayo. Nikaandika sita nikaondoka.

Tarehe 31 Oktoba, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza matokeo pale Dodoma, nilikuwa nimekaa karibu na redio na kalamu mkononi. Watu 61,741,120. Wanawake 31,687,990, wanaume 30,053,130. Niliziandika nyuma ya andalio la somo, na jioni ile nikaanza kuipasua ile kubwa, kwa sababu ndivyo ninavyofanya na namba yoyote inayonigusa moyo. Nataka kujua imejengwa kwa matofali gani.

Hapa nitakuonyesha njia yote niliyopita, ili uweze kuipita na namba yako: namba ya kiwanja, jumla ya mavuno ya ushirika, chochote kile. Unahitaji daftari la mraba, kalamu, na meza ya kuzidisha iliyokaa vizuri kichwani. Kikokotoo kiweke mbali hadi mwisho. Si kwamba ni kibaya, lakini kikikupa jibu mapema hutaona kitu.

Kwanza tukubaliane maneno. Kigawo cha namba ni namba inayoigawa bila kubakiza. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, moja na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Kila namba nzima kubwa kuliko moja, kama si tasa, ni zao la namba tasa, na zao hilo ni la aina moja tu. Ukianza kwa 2 au kwa 43, ukipita kulia au kushoto, mwisho utakuta matofali yale yale. Kwa hiyo usiogope kukosea njia. Ogopa kukosea kutoa na kuzidisha.

Anza na kazi rahisi. Namba inaishia na 0, basi 2 na 5 zote zimo. Igawe kwa mbili mpaka igome:

61,741,120
30,870,560
15,435,280
7,717,640
3,858,820
1,929,410
964,705

Imekubali mara sita, halafu ikawa witiri. Mbili sita zikizidishwa ni 64. Sasa 964,705 inaishia na 5. Igawe kwa tano upate 192,941. Jaribu tena tano: inaishia na 1, haikubali. Kwa hiyo tayari tuna 64 × 5 × 192,941, na yule mnyama wa tarakimu nane amebaki na tarakimu sita. Wanafunzi wangu wengi hukimbilia namba ngumu kwanza, wanaanza kujaribu 17 na 19 kwenye namba nzima. Usifanye hivyo. Kila kigawo kidogo unachokitoa mwanzoni kinakupunguzia kazi ya baadaye maradufu, na utaona punde kwa kiasi gani.

Sasa tatu na tisa. Jumlisha tarakimu: 1 + 9 + 2 + 9 + 4 + 1 = 26. Ishirini na sita haigawiki kwa tatu, basi na namba yenyewe haigawiki. Hilo ni la haraka, tusikae hapo.

Tukae kwenye saba, maana hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa wakasema "saba haina kanuni". Ina kanuni, na ni nzuri kuliko zote. Zidisha 7 × 11 × 13. Utapata 1001. Weka alama hapo, kwa sababu 1001 ni elfu moja na moja, na sisi tunaandika namba zetu kwa makundi ya elfu.

Fikiri hivi. Kwa macho ya 7, ya 11 na ya 13, namba 1001 ni sawa na sifuri, inagawika yote. Basi elfu moja ni pungufu ya moja, ni deni la moja. Na milioni, ambayo ni elfu mara elfu, ni deni la deni, yaani moja kamili tena. Bilioni ni deni. Inapishana hivyo hadi mwisho. Kwa hiyo ukitaka kujua kama namba inagawika kwa 7, 11 au 13, ikate kwenye makundi ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa kupishana.

Turudi kwenye namba kamili: 61 | 741 | 120. Kundi la kulia jumlisha, la katikati toa, la kushoto jumlisha. 120 na 61 ni 181. Katikati ni 741. Tofauti yake ni 560.

Namba ya watu milioni sitini na moja imegeuka 560. Je, 560 inagawika kwa 7? Ndiyo, mara 80. Kwa 11? Hapana. Kwa 13? 13 mara 43 ni 559, imebaki moja. Kwa hiyo 7 imo, 11 na 13 hazimo. Majibu matatu kwa kutoa mara moja. (Hiyo 559 ikumbuke. Itarudi, na iliporudi kwangu niliiweka kalamu chini.)

Gawa: 192,941 ÷ 7 = 27,563. Jaribu saba tena, inabakiza 4. Sawa.

Hapa njia ya kawaida ingekuwa kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine: 17, 19, 23, 29, na kuendelea. Utajaribu hadi wapi? Hadi kipeuo cha pili cha namba iliyobaki. Sababu ni hii: kama namba inapasuka vipande viwili, haiwezekani vyote viwili viwe vikubwa kuliko kipeuo chake cha pili, maana zao lake lingeipita namba yenyewe. Kimoja lazima kiwe chini. 166 mara 166 ni 27,556, na 167 mara 167 inaipita 27,563, kwa hiyo mwisho wetu ni 166. Ona sasa faida ya kuanza na vidogo: kwa namba nzima, kipeuo cha pili ni zaidi ya 7,857. Kutoka kujaribu namba tasa hadi elfu saba na mia nane, tumeshuka hadi mia na sitini na sita.

Lakini mimi nilikuwa na kitu kingine mkononi. Nilikuwa na wanawake na wanaume.

Hapa Muheza machungwa husafirishwa kwenye nyavu. Tuseme una marundo mawili ya machungwa, na kila rundo linajaza nyavu za machungwa 43 bila kubakiza hata moja. Ukiyachanganya marundo hayo, rundo kubwa nalo litajaza nyavu za 43 bila kubakiza. Kwa hiyo kigawo chochote kilichomo kwa wanawake na kwa wanaume kwa pamoja, lazima kimo kwenye jumla. Na kutafuta kigawo cha pamoja cha namba mbili ni kazi rahisi sana kuliko kutafuta kigawo cha namba moja. Nilipolielewa hilo kwa mara ya kwanza, chuoni, nilishangaa, na bado nashangaa. Namba moja kubwa inaficha vigawo vyake, lakini ukiwa na namba mbili, kile zinachoshirikiana hakifichiki.

Njia yenyewe ni ya Euclid, aliyeishi Alexandria, Misri, kama miaka 2,300 iliyopita. Ni ile ile KKS tunayowafundisha watoto, kigawo kikubwa cha shirika, ila hapa hatuvunji namba kwanza. Gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, kisha gawa ile ndogo kwa baki, chukua baki mpya, endelea hadi baki iwe sifuri. Baki ya mwisho kabla ya sifuri ndiyo KKS.

Namba zote mbili zinaishia na 0, kwa hiyo nilikata sifuri moja kila upande (nitaikumbuka: ni kumi). Nikabaki na 3,168,799 na 3,005,313. Nakuandikia kama ilivyo kwenye daftari langu:

3,168,799 kwa 3,005,313: mara 1, baki 163,486
3,005,313 kwa 163,486: mara 18, baki 62,565
163,486 kwa 62,565: mara 2, baki 38,356
62,565 kwa 38,356: mara 1, baki 24,209
38,356 kwa 24,209: mara 1, baki 14,147
24,209 kwa 14,147: mara 1, baki 10,062
14,147 kwa 10,062: mara 1, baki 4,085
10,062 kwa 4,085: mara 2, baki 1,892
4,085 kwa 1,892: mara 2, baki 301
1,892 kwa 301: mara 6, baki 86
301 kwa 86: mara 3, baki 43
86 kwa 43: mara 2, baki 0

Mistari kumi na miwili, na jibu ni 43. Rudisha ile kumi: wanawake wa Tanzania na wanaume wa Tanzania waliohesabiwa mwaka 2022 wanashirikiana kigawo cha 430. Wanawake ni 430 mara 73,693. Wanaume ni 430 mara 69,891. Zidisha mwenyewe uone. Nilikuwa nategemea 10 tu, kwa sababu namba mbili zilizookotwa tu aghalabu hazishirikiani kitu kikubwa. Nilipoiona 43 imesimama pale chini ya ukurasa nilimwita mume wangu kutoka jikoni.

Onyo moja kuhusu njia hii. Mstari mmoja ukikosea kutoa, kila kinachofuata ni takataka, na hutajua, kwa sababu namba zitaendelea kupungua vizuri tu. Kila mstari uhakikishe kwa kuzidisha kurudi juu kabla ya kwenda chini. Mimi huandika zao pembeni kwa penseli.

Sasa gawa: 27,563 ÷ 43 = 641. Je, 641 inapasuka zaidi? Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 25 na 26, basi jaribu namba tasa hadi 23 tu. 2, 3 na 5 unaziona kwa macho. 7 inabakiza 4, 11 inabakiza 3, 13 inabakiza 4, 17 inabakiza 12, 19 inabakiza 14, 23 inabakiza 20. Hakuna. 641 ni tasa. Kazi imekwisha:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Kabla ya kufurahi, hakiki. Njia ya haraka ni ya kutupa tisa. Tarakimu za namba zinajumlika 22, nazo zinajumlika 4. Upande wa pili, 64 inakuwa 10 halafu 1. 5 ni 5. 7 ni 7. 43 ni 7. 641 ni 11, halafu 2. Zidisha 1 × 5 × 7 × 7 × 2 = 490, jumlisha tarakimu 13, kisha 4. Nne na nne. Hakiki hii haikamati kila kosa (ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili haitakuambia), lakini inakamata mengi, na inachukua nusu dakika. Baada yake, sasa ndiyo, chukua kikokotoo uzidishe yote.

Ukishakuwa na matofali, sifa nyingine za namba zinakuja zenyewe. Nitazitaja zile ninazozipenda.

Ina vigawo vingapi kwa jumla? Kila kigawo hujengwa kwa kuchagua matofali. Za mbili unaweza usichukue hata moja, au uchukue moja, hadi sita: njia 7. Tano uichukue au uiache: njia 2. Saba vivyo hivyo, 43 vivyo hivyo, 641 vivyo hivyo. Zidisha 7 × 2 × 2 × 2 × 2 upate 112. Vigawo mia na kumi na viwili. Darasani nalieleza kama gwaride. Kama watu wote wa sensa wangesimama kwenye uwanja mmoja kwa mistari iliyo sawa, asibaki mtu pembeni, kila kigawo kinakupa idadi moja ya mistari inayowezekana. Gwaride linalokaribia zaidi kuwa mraba ni mistari 6,880 yenye watu 8,974 kila mmoja. Wewe tafuta lingine linalokaribia zaidi. Hutalipata, lakini kulitafuta ndiko kutakakokufundisha kucheza na yale matofali.

Vigawo vyote vikijumlishwa vinafika 172,199,808. Ukiitoa namba yenyewe, vilivyobaki vina jumla ya 110,458,688, vinaizidi namba kwa mbali. Ni tabia ya namba zenye mbili nyingi pamoja na tasa nyingine ndogo ndani yake, kwa hiyo hilo halikunishangaza sana.

Lililonishangaza ni 641. Anayependa namba tasa anaijua, kama anayependa mpira anavyojua bao fulani la fainali. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba namba ya 2 kipeo cha 32, ukiongeza 1, ni tasa. Namba hiyo ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba si tasa: ni 641 × 6,700,417. Na kwa nini 641? Kwa sababu 641 ina nyuso mbili kwa wakati mmoja. Ni 640 + 1, yaani 5 mara 128, ongeza 1. Na pia ni 625 + 16, yaani 5 kipeo cha 4, ongeza 2 kipeo cha 4. Uso wa kwanza unasema, kwa macho ya 641, 5 mara 2 kipeo cha 7 ni deni la moja. Lipandishe deni hilo kwenye kipeo cha 4: madeni yanafutana, unapata 5 kipeo cha 4 mara 2 kipeo cha 28 ni moja. Uso wa pili unasema 5 kipeo cha 4 ni deni la 2 kipeo cha 4. Ibadilishe hapo: deni la 2 kipeo cha 32 ni moja, yaani 2 kipeo cha 32 ukiongeza 1 inagawika kwa 641. Ni wazo lile lile la deni tulilotumia kwenye 1001. Ukilielewa la elfu moja na moja, na hili umelielewa.

Halafu tazama tarakimu nne za mwanzo: 6174. D. R. Kaprekar alikuwa mwalimu wa shule kule Devlali, India, na katika miaka ya 1940 aligundua jambo ambalo naligawa kwa kila darasa jipya. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, zisifanane zote. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kutoka ndogo kwenda kubwa, toa. Rudia na jibu ulilopata. Tufanye na mwaka wa sensa, 2022: 2220 − 0222 = 1998. Kisha 9981 − 1899 = 8082. Kisha 8820 − 0288 = 8532. Kisha 8532 − 2358 = 6174. Na 7641 − 1467 ni 6174 tena, hapo ndipo unakaa milele. Hakuna namba inayohitaji zaidi ya hatua saba kufika.

Mwalimu mwenzangu mmoja aliposikia haya aliniuliza kama 641 na 6174 ni ishara ya kitu kuhusu nchi. Nilimjibu hapana, na ninakujibu wewe hivyo hivyo. Tarakimu za mwanzo zinategemea tu kwamba tunahesabu kwa makumi kwa sababu ya vidole vyetu, na matofali ya namba hayajui kama yanahesabu watu au mawe. Ni sadfa. Ila sadfa inaweza kupendwa pia, mradi usiidai ikupe utabiri.

Sasa nirudi kwa kile kitoto cha saa tisa.

Wiki moja hivi baada ya matokeo nilijiuliza: kama angezaliwa saa tano ya usiku badala ya saa tisa, na kila kitu kingine kikabaki kilivyo, namba ingekuwa 61,741,121. Ingefananaje? Kanuni ya kwanza unaweza kuisema bila kuandika chochote: namba mbili zinazofuatana hazishirikiani kigawo chochote isipokuwa moja, kwa sababu kigawo cha pamoja kingelazimika kuigawa na tofauti yao, na tofauti yao ni moja. Kwa hiyo mbili zote sita zinaondoka. Tano inaondoka. Saba, 43, 641, zote zinaondoka kwa mpigo. Mtoto mmoja mwenye uzito wa kilo tatu anabomoa jengo lote na kusimamisha jingine.

Jingine lipi? Kata makundi: 61 | 741 | 121. Kulia na kushoto ni 182, katikati 741, tofauti 559. Ndiyo ile ile, 13 mara 43. (Hiyo 43 haina maana hapa, njia hii inasema kweli kwa 7, 11 na 13 tu. Usije ukaiandika.) Basi 13 imo: 61,741,121 ÷ 13 = 4,749,317. Hapa sikuwa na marundo mawili ya kunisaidia, ilibidi nipite njia ndefu. Saba, 11 na 13 tena, zikagoma. 17, 19, 23, 29, 31, 37, zikagoma zote. 41 ikakubali, ikabaki 115,837.

Na 115,837 ilinikalia jioni mbili. Kipeuo chake cha pili ni 340 na kidogo, kwa hiyo namba tasa za kujaribu zinaishia 337, nazo ni 68 kuanzia 2. Zile ndogo kuliko 41 zilikuwa zimeshagoma. Nikaanza na 41 kwa mara ya pili, nikaenda moja moja. Kwa kazi ya aina hii jiwekee orodha ya namba tasa mapema kwa chekeche ya Eratosthenes: andika namba 2 hadi 340 kwenye miraba, acha 2 ufute kila ya pili baada yake, acha 3 ufute kila ya tatu, kisha 5, 7, 11, 13 na 17. Zilizobaki ni tasa, kama chenga zinazobaki kwenye chekeche unga ukishapita. Halafu kila ukijaribu andika baki pembeni, usiandike alama ya vema na kosa tu, maana baki ndiyo itakayokuonyesha ulipokosea. 61 ilipungukiwa 2. 181 ilipungukiwa 3. 197 iliingia mara 588 ikabakiza 1, nikairudia mara tatu kwa kutoamini. 337 nayo ikagoma, na hapo nikajua 115,837 ni tasa.

61,741,121 = 13 × 41 × 115,837

Vigawo vinane tu. Kutoka 112 hadi 8, kwa mtu mmoja. Gwaride la karibu zaidi na mraba sasa lingekuwa mistari 533 yenye watu 115,837 kila mmoja, ukanda mrefu usio na mwisho. Nilipita kwa bibi nikamwandikia hiyo hesabu kwenye kipande cha karatasi, nikamwambia hivi ndivyo namba ya Tanzania ingekuwa na huyu ndani yake. Hakuuliza 115,837 ni nini. Aliikunja akaiweka kwenye kibweta pamoja na kadi ya kliniki.

Kama unataka kuanza leo, sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Makundi yake ni 44, 928 na 923. Jumlisha ya kulia na ya kushoto, toa ya katikati, unapata 39. Endelea kutoka hapo.